Namba Nyuma ya Viti

Rafiki yangu alikuwa akikodisha viti na maturubai hapa Likasi, kwa ndoa na kwa vilio. Hasa vilio. Mimi ndiye niliyemtengenezea tovuti. Nina digrii ya falsafa, na katika mji wa machimbo digrii hiyo humruhusu mtu kufundisha kwa mshahara usiofika na kuwafanyia marafiki kazi asizozijua. Ukurasa wa kwanza ulimwonyesha akicheka katikati ya viti vyeupe, na chini yake namba ya simu yake: «Piga wakati wowote.»

Aliugua kwa muda mfupi, akafa. Kilio chake tulikikalia kwenye viti vyake mwenyewe.

Siku ya kumaliza kilio, ukoo wake ulikutana kugawa alivyoacha, kama ilivyo desturi. Wajomba walivikodolea macho viti. Mjane akalia, wazee wa kanisa wakasihi, na mwishowe akaachiwa viti na maturubai kwa ajili ya watoto. Ila mdogo wa marehemu naye lazima apate kitu cha kaka yake. Mjane akamkabidhi simu, upesi, kabla hawajabadili mawazo. Ilikuwa simu ya zamani, kioo kimepasuka. Nilikuwa nimekaa pale, nikamwona mwanamke mwenye akili. Sote tulidhani ameiokoa biashara.

Miezi ikapita, mjane akaja kwangu. Viti vilikuwa vimeshika vumbi. Watu waliendelea kufa, lakini waliobaki hawakumpigia yeye. Walipiga namba ileile ya zamani, shemeji yake akaitika, naye alikuwa ameshajinunulia viti.

«Prof, ile site weye njo uliifanya,» alisema. «Toa numero yake, weka yangu. Batoto batakula nini?»

«Dakika tano, mama,» nilimjibu.

Niliifungua tovuti kwa mara ya kwanza tangu msiba. Bado ilikuwa inawatakia wateja heri ya mwaka mpya, mwaka ambao ulikwisha zamani. Neno la siri nilikuwa nimelisahau. Nilijaribu majina ya wanangu, kisha ya wanafalsafa, na wote walinikana. Ndipo kompyuta ikaniambia, kwa adabu, kwamba nikitaka kuingia, itatuma namba ya siri kwenye simu ya mwenye tovuti. Tukatazamana. Simu ya mwenye tovuti ilikuwa mtaa wa Panda, mfukoni mwa shemeji.

Tukaenda Panda. Tulimkuta mbele ya nyumba yake, mojawapo ya zile nyumba za kambi ya zamani ya wafanyakazi, akiandika kwa rangi kwenye migongo ya viti vya plastiki. Rangi ilikuwa ya bluu, kama ya kaka yake. Jina lilikuwa la kaka yake, na namba pia.

«Karibu, bibi ya yaya!» akamwambia mjane, yaani mke wa kaka mkubwa. «Na Prof! Leo njo munanikumbuka?»

Nilibonyeza kitufe kwenye simu yangu, na ile ya marehemu ikalia mfukoni mwake.

«Tunaomba tu ile code imefika,» mjane akasema.

Aliitoa simu, akasoma, akaweka kidole gumba juu ya kioo. «Ya kufanya nini?»

Ningeweza kudanganya. Badala yake nikaeleza, tena kwa mpangilio, kama niko darasani.

«Kumbe munataka kuzika yaya mara ya pili!» Alicheka, kisha akaacha. «Minye pia niko na batoto, shemeki. Kule kwa mashimo udongo ulitaka kunimeza, sirudi tena. Weye ulikamata viti, minye simu. Ulinipa na mukono yako, mbele ya bazee. Ni bongo?»

Haukuwa uongo. Tulisimama pale mpaka muda wa ile namba ya siri ukaisha chini ya kidole chake.

Njiani mjane aliniuliza ni watu wangapi hasa hupiga simu kwa sababu ya tovuti. Nilikohoa. Aliyeitembelea zaidi ya wote ni mimi, enzi zile, kuisifu kazi yangu. Mtu wa Likasi hutafuta viti akiwa amekaa kwenye kiti: yuko kwenye kilio cha jirani, anainama, ananakili namba iliyoandikwa kwenye mgongo wa kiti kilicho mbele yake. Na viti vyote alivyoviokoa kwa machozi vilikuwa vikimtangaza shemeji yake.

Kesho yake nilimkuta uani na wembe, anakwangua. Nikachukua wembe mwingine.

«Na jina pia?» nikauliza.

«Jina pia. Likibakia, batatafuta numero yake.»

Alilikwangua yeye mwenyewe. Mimi nilishughulika na namba.

Kisha nikamtengenezea tovuti mpya, yenye namba yake, na picha ya viti iliyopigwa kutoka mbele ili mikwaruzo isionekane. Simu yake tukaiweka mezani. Haikulia. Kila Jumamosi nilikuja kubadilisha picha au kurekebisha sentensi, kana kwamba tatizo lilikuwa sentensi.

Jumamosi moja ikalia. Uso wake ukafunguka, halafu akaona jina la anayepiga. Shemeji aliongea kwa sauti ya juu, hata mimi nikasikia: shimo limebomoka kule machimboni, vilio vimekuwa vingi kwa siku moja, viti vyake havitoshi. «Bibi ya yaya, nikodishie vyako.»

Mjane alivitazama viti vyake, vyeupe, visivyo na jina la mtu. Akajipangusa uso kwa kiganja.

«Unataka ngapi?»