Kipepeo Kilichofunguliwa Nusu

Kuna siku moja ya joto hapa Landani haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka viganja hunitoka jasho. Nilikuwa msichana bado. Shangazi yangu Zuhura, aliyenilea tangu tulipohamia huku baada ya Mapinduzi, alikuwa anafungua duka lake la manukato na udi karibu na Edgware Road. Miaka yote alikuwa akifagia wodi za hospitali, na kazi hiyo alikuwa ameshaiacha. Duka lisipopata watu ingembidi arudi kwenye ufagio, na magoti yake yalikuwa hayawezi tena. Mwenyewe hakuonesha wasiwasi hata kidogo. Wasiwasi wa nyumba nzima aliniachia mimi.

Mtaa wa pili palikuwa na bwana mmoja wa Kijapani akiuza vyombo vya chai. Huyo ndiye aliyemweleza shangazi kwamba kwao wenye maduka huwapa wateja vipepeo vya mkono siku za joto, vimeandikwa jina la duka. Mteja anajipepea njiani, na jina linatembea naye. Akamwonesha aina mbili: kimoja cha duara kisichokunjika, na kingine cha mianzi na karatasi, cha kukunja. Akamshauri achukue cha duara, maana maandishi yake huonekana muda wote. Shangazi akakigeuzageuza, akasema hicho ni cha kupepelea mkaa. Akaagiza vya kukunja. Si unatujua sisi Wazanzibari na mapambo yetu! Pembeni akataka jina la duka kwa herufi ndogo, na katikati, kwa herufi kubwa: USINUNUE KWINGINE. Alisema maneno hayo yana ukali kidogo, kama ya kanga.

Siku ya ufunguzi wanawake wa kwetu walijaa, wengine wametoka mbali kule Ilford. Kila aliyeingia alipewa kipepeo chake mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma ya meza na chetezo, nafukiza udi, naomba Mungu kimoyomoyo.

Sasa, mwanamke wa kwetu hakifungui kipepeo chote kama anayetandika mkeka. Hukifungua nusu tu, akajipepea kwa madaha chini ya kidevu. KWINGINE likabaki ndani ya mikunjo. Nilipoinua macho, duka zima lilikuwa limejaa wanawake, na kila mmoja kifuani pake pameandikwa USINUNUE.

Na kweli, hakuna aliyekuwa akinunua. Wawili walikuwa wakisukumana viwiko na kucheka. Nikamsikia mmoja akiuliza, "Zuhura katwita au katufukuza?"

Nilifunzwa kuwa mkubwa hakosolewi, seuze mbele ya wageni. Nikimwambia nimemwaibisha, nikinyamaza wataondoka wakimcheka njia nzima, na nani atarudi? Nikapiga hatua, nikarudi. Mwisho nikanyanyua chetezo, nikajifanya namfukiza nguo, nikamwinamia sikioni.

"Shangazi, usinigombe. Vipepeo vikifunguliwa nusu vinasema usinunue."

Aliganda. Akazungusha macho kifuani kwa huyu na yule, na uso ukamsawijika. Nilijua hapo nimekwisha. Mara akapiga makofi.

"Jamani, mmesoma nilichokuandikieni? Leo usinunue! Leo nusa tu. Kununua kesho!"

Duka likaangua kicheko. Chupa zikaanza kupita mkono kwa mkono, viganja vikapakwa, shingo zikanuswa. Bi Salma, shoga yake mkubwa, akaja juu: "Mie kesho siji. Niuzie leo leo!" Na wenzake wakamfuata. Ufagio wa hospitali shangazi hakuushika tena maisha yake.

Tulipofunga duka aliniita nikae karibu yake.

"Mbona ulikuwa unakuja unarudi?"

"Niliogopa kukukosea adabu, shangazi."

Akaniangalia sana. "Ungeninyamazia, ungebaki na adabu zako. Lakini mie ningekuwa sina mtu."

Mwanangu, ninyi vijana wa leo mnafungua biashara zenu, mnatangaza majina yenu kila mahali, na kila anayewapenda anawaambia safi, safi. Nami huwa na hofu nanyi. Kabla hujakitoa kitu chako, mpe mtu akishike, umwangalie anavyokishika. Ukiona mwenzako anaelekea kuaibika, hata awe mkubwa wako, usijifiche nyuma ya heshima. Msogelee umwambie, ila umwambie sikioni, si hadharani. Na akija mtoto wako mwenyewe kukukosoa, hata kama ni kwa hicho Kiingereza chake, msikilize kwanza.

Mungu akufungulie riziki ya halali, akupe watu wasiokuonea haya, na siku ya kumnong'oneza mwenzako ikifika, akupe miguu ya kukufikisha kwake.