Auleria, Ildefonsa na Mihogo Iliyokatwa Ncha

"Ameniita mwizi! Mkimbizi wa juzi, aliyekuja na sufuria moja kichwani, ananiita mimi mwizi kule bondeni, mbele za watu!"

Auleria alikuwa amesimama katikati ya akina mama wa jumuiya, hapa Kasulo, mwaka wa tisini na tano, kanga imemfunguka hana habari. Ildefonsa, aliyekimbia Burundi akapewa kipande cha kulima jirani yake, alikaa mkekani akitazama vidole vyake. Ule utulivu ulimchoma Auleria kuliko tusi.

Kabla huyu hajafika, kila ugomvi wa kitongoji uliletwa kwa Auleria. Alikuwa na masharti yake. Hujibu mpaka urudie maneno ya mwenzako, naye akubali kwamba ndivyo alivyosema. Ulichokiona usikichanganye na ulichokidhania. Ukikosea, utangaze kosa lako palepale. Hata waliomaliza darasa la saba walimsikiliza yeye wa darasa la nne.

Halafu akaja mwenye sauti ya taratibu. Fideli, Baba Teddy, mume wa Auleria aliyekula ugali miaka kumi na tisa bila kusema asante, akatamka siku moja: "Yule mama akiongea, unatamani asimalize." Auleria aliondoa sahani kabla mtu hajashiba.

"Masharti ni yako," alisema Mama Anjelika, kiongozi wa jumuiya. "Rudia alivyosema."

"Alisema kwamba mimi..."

"Maneno yake, siyo yako."

Auleria akaifunga kanga yake. "Alisema, 'Shikamoo mama. Mihogo yangu niliyoloweka, hukuiona?'"

"Ndivyo?"

"Ndivyo," alijibu Ildefonsa.

Zita, mmoja wa akina mama, akachekea ndani ya kanga. "Sasa huyo mwizi umemtoa wapi, dada?"

Wakateremka bondeni. Kule kila mama ana shimo lake la kuvundikia mihogo, amelifunika kwa majani ya mgomba na mawe. Mvua ya Jumatano ilikuwa imesomba majani yote, mashimo yakabaki yanafanana. Zita akatia mkono katika lile la pembeni. Ikatoka mihogo ya Auleria, haijakatwa ncha, imeoza, wote wakageuza nyuso.

Basi ile aliyoitoa Auleria Ijumaa, akaianika mwambani ikauke iwe udaga wa kusaga unga, haikuwa yake.

"Aa, ni mvua tu," alisema Mama Anjelika. "Yaishe."

Yangeisha. Lakini Ijumaa ile Auleria aliiona mihogo imekatwa ncha zote mbili, anavyokata Ildefonsa, yeye hakati. Akajiambia macho yamechoka, maana alitaka, hata kwa siku moja, yule mwanamke apungukiwe. Angenyamaza, nani angejua?

"Ncha niliziona," alisema. "Siku ileile. Nikajidanganya kusudi. Una watoto watatu wa kulisha, nami nikakuonea wivu. Hukuniita mwizi, Ildefonsa. Nimejiita mwenyewe."

Hakuna aliyecheka, hata Zita.

Jioni alipeleka udaga kwa Ildefonsa, akaumimina kwenye ungo. "Umepungua bakuli moja. Tumeshausaga, tumekula."

"Baba Teddy naye alikula?"

"Alikula."

"Akasemaje?"

Auleria alitazama mlango, akatazama ungo. Uongo wa kusema hakusema kitu ulikuwa mdogo kabisa, tena mtamu.

"Aliomba aongezewe," alisema.

Ildefonsa akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi, mama, hilo bakuli limelipwa."