Macho ya Mke wa Radi

Mpiga picha huyu watu walimbatiza jina la Radi, na jina likamkaa barabara. Ukiingia studio yake, yaani chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, atakukalisha kwenye stuli, atakusogelea hadi usikie pumzi zake, kisha paa! Flashi inakulipukia usoni. Unatoka nje ukipapasa mlango. Picha ikitoka, paji la uso linang'aa utadhani limepakwa mafuta ya kupikia, na ukutani nyuma yako kuna kivuli cheusi ti, kana kwamba ulikuja na mwenzako. Watu walilalamika, wee! Radi akawajibu kwamba nyuso zao ndivyo zilivyo, yeye hakuwaumba.

Ubishi wake ungebaki kichekesho tu, kama si mkewe. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na hakukuwa na picha hata moja ambayo macho ya mama yule yako wazi. Hata moja! Ile ya harusi, ambayo Radi aliitegeshea kamera mwenyewe kisha akakimbia kusimama kando ya bibi harusi, amefumba. Amempakata binti yao mchanga, amefumba. Mahafali ya binti, wote meno nje, yeye amefumba. Radi alizoea kumtania: "Bibie, umelala tena?" Naye humjibu, "Nikiamka utanipofusha." Wanacheka, yanaisha.

Kicheko kilikatika pale presha ilipompanda mama huyo, akalazwa siku tisa. Alirudi nyumbani miguu imevimba, hatua tano tu anahema. Daktari alimvuta Radi pembeni, akamwambia asijidanganye, hali ni mbaya na lolote linaweza kutokea saa yoyote. Binti yao wa pekee alikuwa akifanya kazi nchi ya mbali, na ruhusa ya kuja hakupewa. Akapiga simu.

"Baba, nimezitandika hapa picha zote za mama. Zote amefumba macho. Nataka moja tu ambayo ananiangalia. Moja, baba! Na wewe ndiye mpiga picha."

Neno hilo la mwisho lilimchoma, akaahidi. Siku hiyohiyo akampiga mkewe picha kumi na nne, na zote kumi na nne, macho yamefumbwa. Akafoka, "Si ufumbue tu, mama! Hiyo nayo ni kazi?"

Mkewe akamwangalia. "Sifumbi kwa kupenda, mume wangu. Mwanga ukiwaka najikuta nimeshafumba."

Radi aliona aibu, lakini kuomba radhi, wapi! Kichwa kigumu kile. Alichofanya kesho yake, hata hivyo, hakuwahi kukifanya maishani: alimeza kiburi akaenda kwa Mapozi, dada mwenye studio ya barabara ya pili, yule aliyemkombea wateja wote.

"Shikamoo, mzee Radi."

"Marahaba. Sikuja kwa ugomvi leo."

Akamweleza. Mapozi hakumcheka. Aliichukua kamera ya mzee, akaigeuzageuza. "Mzee wangu, flashi hii umeiacha ijipimie yenyewe. Kwa hiyo inawaka mara mbili. Ya kwanza inapima mwanga, ya pili ndiyo ya picha. Zinafuatana mno, wewe unaona moja tu. Sasa mtu mwenye kope nyepesi, ya kwanza ikimshtua, ya pili inamkuta ameshafumba."

"Na zile za zamani, za kamera ya filamu?"

"Zile ulikuwa unamlipua puani huku unamhesabia kwa sauti, moja, mbili, tatu. Nani asingefumba?"

Miaka thelathini na moja Radi alizilaumu kope za mwenziwe, kumbe kosa lilikuwa mkononi mwake! Mapozi akamwonyesha namna ya kuizuia flashi isijipimie, nguvu yake aipange mwenyewe kwa mkono. Kisha akakiinua kichwa cha flashi kikaelekea juu. "Usimpige nayo usoni. Mwanga uupeleke darini, ushuke umepoa. Uso haung'ai, kivuli kinalainika, na mama hashtuki."

Alirudi nyumbani karibu anakimbia. Hakutaka kumchosha mgonjwa kwa majaribio, basi akauweka mtungi wa maji juu ya stuli, mtungi wa udongo wenye rangi ya uso wa mtu, akaufunga kilemba cha mkewe. Akaelekeza flashi juu, akapiga. Mtungi ukatoka wa kijani! Kumbe dari lenyewe lilikuwa la kijani, rangi aliyoichagua mke miaka mingi nyuma, na mwanga ulikuwa unashuka na rangi ya huko ulikotoka.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, kaushika mwimo. "Huyo mke mdogo hafumbi macho, eti?" Akacheka hadi akakohoa. "Nipige hivyohivyo. Kijani kina ubaya gani?"

"Binti akuone umeoza? Ngoja nipake rangi."

Mkono wa kwanza wa rangi nyeupe ulikauka, kijani kikachungulia. Akapaka wa pili. Harufu ilimkereketa mgonjwa kifua, ikabidi alale chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Akapaka wa tatu. Kila siku alipiga picha mtungi, na kila siku alisema bado kidogo.

Siku ya nne mkewe alitoka mwenyewe. Alikuwa amevaa gauni lake la maua na hereni ndefu, amejipaka wanja. Akauteremsha mtungi, akaketi kwenye stuli.

"Leo nimeamka vizuri. Piga."

Radi alitazama juu. Kona moja, karibu na dirisha, kijani kilikuwa kinaonekana kwa mbali. Mwanaadamu huyu, jamani! "Kesho, bibie. Kona ile bado. Nikupige picha safi, ya kweli."

"Wewe na kona yako." Alizivua hereni, moja, kisha ya pili, akazishika kiganjani. Akarudi kulala.

Kesho yake asubuhi Radi alimkuta ameanguka kando ya kitanda. Kiharusi. Baada ya wiki tatu hospitalini wakamrudishia nyumbani mtu asiyesema wala kusikia. Macho yanafunguka asubuhi na kufumba jioni, daktari alisema, lakini asitarajie kwamba yanaona kitu, na asitarajie kwamba yataona tena.

Binti hakuambiwa. Radi alishindwa. Kila binti alipopiga simu, baba alisema, "Mama amechoka kidogo." Naye binti anauliza, "Na picha yangu?"

Mchana mmoja akamvika mkewe gauni la maua, akamtia hereni, akamwegemeza kwenye kochi chini ya dari lililokauka jeupe pe, kona zote. Mtungi alikuwa ameshautoa nje, hakuweza kuuangalia. Akakiinua kichwa cha flashi. Aliomba, wallahi aliomba kwa moyo wote, safari hii afumbe. Apepese tu, hata kidogo.

Akapiga.

Hakupepesa. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga: uso umetulia, hauna mng'ao, kivuli hakuna, kope moja moja unazihesabu, na macho mawili wazi kabisa. Radi aliishika kamera akalia kwa sauti, na mkewe hakugeuka. Kisha akaituma, maana aliahidi.

Simu ikaita papo hapo.

"Baba! Mama amependeza mno. Macho yake, jamani, sikujua ni makubwa hivi." Radi alimsikia akipumua. "Lakini baba, mbona haniangalii? Anaangalia wapi?"

Radi akainua uso.

"Darini, mwanangu," akasema. "Nimelipaka rangi nyeupe."