Jiko la Mkaa Chumbani

Siku niliyoripoti kazini Sumbawanga, nikiwa afisa ustawi wa jamii mgeni kutoka Mbeya, Mkuu wa Idara hakunionyesha hata kiti. Alinichukua kwa miguu mpaka Chanji, mtaa wa wapangaji. Njiani akaniambia, "Mwanangu, shida za mji hazijui njia ya ofisini. Wewe ndiye utazifuata."

Sikuwa nimemaliza mwaka kipupwe kilipoingia. Asubuhi moja majirani walivunja mlango wa chumba cha kupanga pale Chanji. Joseph, fundi seremala, alikuwa amekufa kitandani pamoja na mkewe na mtoto wao wa kunyonya. Hawakuwa na jeraha, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Kabla hata ya mazishi, watu walikuwa wameshampata mchawi: Bibi Anastazia, mjane wa nyumba ya pili, aliyewahi kugombana na mke wa Joseph kwa ajili ya kuku. Wakaichoma nyumba yake. Polisi walimwokoa, na kaka yake akaja kumchukua kwenda kijijini Kate.

Mkuu wa Idara alituita. "Tukienda kuwahubiria kwamba uchawi hakuna, hawatatusikia. Twendeni tukawaulize wanalalaje."

Tuliandaa dodoso, yaani maswali yaleyale yanayoulizwa kila nyumba, ili majibu yalinganishwe. Uchawi sikuutaja. Niliuliza wanapika wapi, usiku jiko linawekwa wapi, dirisha wanaliziba kwa nini. Wapangaji wengi walikuwa wametoka vijijini, kwenye nyumba za nyasi ambamo moshi hujipenyeza nje wenyewe. Mjini walilala na jiko la mkaa ndani, dirisha limezibwa kwa gunia. Mama mmoja alinieleza, "Naamka kichwa kinapasuka, natapika. Nikajua nimerogwa." Maneno hayo niliyasikia tena nyumba nyingi. Daktari tuliyempelekea majibu alipoyasoma hakusita: ni hewa ya sumu ya mkaa, haina rangi wala harufu, humuua mtu usingizini.

Tulipoeleza hayo mkutanoni, baba yake Joseph alisimama.

"Kwa hiyo, afisa, mwanangu ndiye aliyewaua mkewe na mtoto?"

"Hapana, baba. Hakujua. Hakuna aliyemwambia."

Alikaa, akajifunika uso kwa kofia.

Wiki ileile magunia yalianza kutolewa madirishani. Niliomba twende pia kijijini Mollo. Mkurugenzi wa halmashauri akasema, "Mollo ni wakulima. Hayo ni mambo ya wapangaji wa mjini." Baridi iliyofuata, Mollo ilizika ndugu wawili wa kike waliolala na jiko katikati yao. Sikulala vizuri kwa muda mrefu.

Sasa nimestaafu. Wanafunzi wa vyuo huja kunisalimu, shikamoo nyingi, kisha huniuliza kama utafiti ule ulifanikiwa. Nawaeleza habari za Chanji, nawaeleza na za Mollo. Wakitaka kuondoka, nawaomba wakae kidogo niwaeleze nilivyokwenda Kate na mtendaji wa kata kumwomba Bibi Anastazia arudi. Tulimwambia ukweli umejulikana, na kwamba watu wako tayari kumjengea.

Alikuwa anapepeta ulezi. Aliendelea kupepeta mpaka ulezi ukaisha ungoni.

"Nyumba mtanijengea," alisema. "Na majirani, mtanijengea?"

Alizikwa hukohuko Kate. Kutoka Chanji tulikwenda wawili tu, mimi na baba yake Joseph.