Nungu Hagongwi

Fundi wa makochi aliyeitwa Mzee Nungu hakuwa na miba mwilini, ingawa mkewe angeweza kubisha. Jina alilipata kwa kisu. Kwa miaka ishirini na miwili alibeba mfukoni kisu kimoja tu cha kukunja, chapa ya Nungu, chenye mpini mweusi na kinyama kidogo kilichochongwa kwenye bapa, miba yake imesimama. Kwa kisu hicho alikata sponji, alichana vitambaa vikuukuu vya makochi ya watu, alimenya machungwa, alichonga penseli ya kuchorea vipimo. Mkewe alizoea kusema kwamba nyumba ikishika moto, mumewe atarudi ndani kuokoa kisu, akishatoka nacho ndipo aulize majirani kama kuna aliyemwona mke wake.

Kila Jumamosi asubuhi alikwenda nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Palikuwa na benchi refu la mbao ngumu, na wapenzi wa visu vya kukunja walilizunguka kama watu wanaosubiri kura zihesabiwe. Hawakuwa wengi. Kulikuwa na fundi wa kuchomelea aliyeitwa Cheche, mwalimu mstaafu wa jiografia, na mwenye duka mwenyewe, mama aliyewaacha wakae pale kwa sharti moja tu, kwamba asione tone la damu kwenye mifuko yake ya saruji. Walinoa, walikata karatasi hewani, walitazamana mipini. Na walibishana kuhusu chapa, maana kila mmoja alikuwa na yake, na kuihama chapa kulikuwa jambo la kuelezwa kwa uso mkavu, kama talaka.

Benchi lile lilikuwa na sheria, na sheria aliitunga Mzee Nungu mwenyewe. Kisu kipya kilipofika, kilifunguliwa, kikashikwa vidole vikiwa mbali na njia ya bapa, kisha mgongo wake ukagongwa mara tatu kwenye ukingo wa benchi. Kama ile loki ya ndani, kichuma kinachozuia bapa lisijikunje lenyewe, ilishika, kisu kilipita. Kama iliachia, mwenyewe alirudi nacho dukani huku akizomewa. Ukingo wa benchi ulikuwa umeliwa na alama za migongo ya visu vya kila aina.

Isipokuwa Nungu.

"Nungu hagongwi," alikuwa akisema. "Wewe unampima mama yako kama kweli ni mama yako?"

Wakacheka, na kwa kuwa walicheka, likawa sehemu ya sheria.

Miaka minne kabla ya haya, Cheche alikuwa amehama Nungu na kwenda Korongo, chapa yenye picha ya ndege. Alisema visu vipya vya Nungu vinacheza kwenye bawaba. Mzee Nungu alimwita msaliti mbele ya watu, akamwambia mwanamume anayebadili kisu kama soksi atabadili na kabila, na mwezi mzima hakunywa naye chai. Cheche aliivumilia kwa mizaha. Kila Jumamosi aliliweka Korongo lake mbele ya mzee na kusema, "Shikamoo, mheshimiwa miba," na mzee akajifanya anatafuta jiwe la kunolea.

Sasa, binti wa pekee wa Mzee Nungu alimaliza chuo cha ufundi akapata kazi kwenye kiwanda cha viti vya mabasi. Mzee alilia chooni ili asionekane. Jumamosi iliyotangulia siku ya kwanza ya binti kazini, mzee alikuja benchini na kisu kipya ndani ya kasha: Nungu, mpini mweusi, sawa na chake.

"Cha mwanangu," alisema.

"Kizuri," Cheche alisema. "Kigonge basi."

"Nungu hagongwi."

"Mzee, hiki si kwa ajili yako. Ni cha mtoto. Kigonge."

"Nimesema."

Mwalimu aliguna, akageukia karatasi zake.

Jumatano iliyofuata, siku ya tatu ya kazi, binti alikuwa anachokoa mshono wa ngozi bandia, amesukuma ncha ndani kama alivyofundishwa na baba yake tangu akiwa na miaka tisa. Loki ikaachia. Bapa likajikunja kwenye kidole cha shahada na cha kati. Nyuzi kumi na moja. Daktari alisema vidole vitakunjika, ila cha shahada kitachukua muda wake. Msimamizi wa kiwanda alisema atamtunzia nafasi wiki tatu, zaidi ya hapo atamchukua mwingine.

Jioni ile binti aliketi kwenye kochi ambalo baba yake alilishona kwa ajili ya harusi yake mwenyewe, mkono umefungwa kama mkate. Aliuliza swali moja.

"Baba, ulikigonga?"

Alilijua benchi. Alikua akicheza chini yake.

"Sikukigonga."

"Kwa nini?"

Na mzee, mtu aliyekuwa na jibu la kila kitu kuhusu chuma, alisema, "Kwa sababu ni Nungu."

Binti hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisema tu, "Mwambie msimamizi sirudi. Kisu sishiki tena," akaingia chumbani kwake.

Hapo ndipo hasira ilipohamia nyumbani kwao kama mgeni asiyeaga. Mzee aliamka nayo, akanywa nayo chai. Alimkasirikia daktari kwa kushona kwa uzi mweusi. Alimkasirikia Cheche kwa kuwa hakumnyang'anya kile kisu. Mkewe aliposema, "Mume wangu, kula," alijibu kwamba tonge halina chumvi, na lilikuwa na chumvi.

Wiki ya pili alivaa shati la pasi akaenda kwenye ofisi ya wakala wa Nungu. Ilikuwa ghorofa ya tatu, na kwenye ukuta kulikuwa na nungu mkubwa wa plastiki. Kijana nyuma ya kioo alisikiliza kwa adabu, akakigeuza kisu, akafungua karatasi iliyokunjwa mara nane.

"Mzee wangu, soma hapa. Kisu ni cha matumizi mepesi."

"Mepesi ndiyo nini?"

"Kufungua barua. Matunda."

"Miaka ishirini na miwili nakata sponji na ngozi kwa Nungu!"

"Hicho cha zamani kilitoka kiwanda kingine, mzee. Siku hizi vinatengenezwa kwingine. Chapa ni ile ile."

"Chapa ni ile ile," mzee alirudia taratibu, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Kwa hiyo mmebakiza yule mnyama, kisu mkakitupa."

Kijana alikunja karatasi yake. Alifungua droo akamletea kofia. Kofia nyeusi, nungu amefumwa mbele kwa uzi wa dhahabu. "Kwa wateja wetu waaminifu," alisema.

Mzee alishuka ghorofa zote tatu na kofia ile mkononi, na hadi leo hajui kwa nini hakuiacha. Labda alitaka ushahidi.

Jumamosi ya wiki ya tatu nyuzi zilikuwa zimeshatolewa. Jumatano ingekuwa mwisho wa ahadi ya msimamizi. Asubuhi mzee alisimama mlangoni pa chumba cha binti.

"Twende benchini."

"Kufanya nini?"

"Uone baba yako akifanya kile alichopaswa kukifanya mwezi uliopita."

Walipofika, mwenye duka aliona mkono wa binti, akamsogezea kiti. Mzee aliweka kofia juu ya benchi. Kisha akatoa kile kisu, bado kina alama ya kahawia penye bawaba, akakifungua, akakishika vidole mbali, akagonga.

Mara ya kwanza kilishika. Mara ya pili bapa lilijikunja kwa mlio mdogo, kama mtu anayebofya ulimi.

"Loo," mwalimu alisema.

Mzee alikifungua tena, akagonga, likajikunja. Akafungua, akagonga. Shingo yake ilikuwa imevimba mishipa. Mara ya saba Cheche alimshika kiwiko.

"Basi, mzee. Tumeona."

"Hamjaona! Mimi ndiye nilikuwa sioni!" Alikitupa kisu ndani ya kofia. "Mama, niletee Korongo. Jipya, la kwenye kasha."

Mwenye duka hakusogea. "Sema tena, maana nikilala usiku nitadhani niliota."

"Korongo!"

Cheche hakuweza kujizuia. "Karibu kwa wasaliti, mheshimiwa miba."

"Nyamaza wewe. Sijahamia kwako. Kesho na hao wako watauza yule ndege na kiwanda watakihamisha, nawe utabaki umeshika manyoya." Aliisukuma kofia kando. "Kuanzia leo sina chapa. Nina ukingo wa benchi."

Korongo lilikuja. Mzee aligonga mara tatu, kisha nne, kisha akaendelea, kwa nguvu za wiki tatu zote, na waliomwona hawakujua kama anaomba lishike au anaomba livunjike ili naye apate wa kushirikiana naye aibu. Binti alikuwa anahesabu kwa midomo. Lilishika mara thelathini na moja.

"Lete," binti alisema.

Alilishika kwa mkono wa kushoto. Aligonga mwenyewe, mara tatu, kwa kipimo, akiuangalia ukingo na si baba yake. Alilihamishia mkono wa kulia. Kidole cha shahada kilikunjika nusu, kikagoma, kikakunjika tena. Akagonga. Lilishika.

Kisha akanyoosha mkono. "Na chako."

"Changu ni Nun—" Mzee alikatiza mwenyewe. Alitoa mfukoni kisu cha miaka ishirini na miwili, mpini umelainika kama jiwe la mtoni, akampa kwa upande wa mpini.

Binti aligonga. Kilishika. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi, na tena. Loki haikutikisika hata unywele.

Cheche alianza kutabasamu, akidhani mzee atafarijika. Lakini mzee alisimama, akauma meno, na sauti ilipomtoka ilikuwa ndogo.

"Kwa hiyo walijua," alisema. "Walijua kukitengeneza. Siku zote walijua."

Alipiga ngumi benchini, karatasi za mwalimu zikaruka. Mwenye duka alisema benchi si la urithi wake. Binti alikunja Korongo taratibu, akalitia mfukoni mwa suruali, kisha akakisukuma kile kisu cha zamani kurudi kwa baba yake.

"Kaa nacho, Baba. Jumatatu nataka uniamshe saa kumi na moja." Akachungulia ndani ya kofia. "Na hii, na kisu chake ndani, tunaipeleka kule ghorofani kwa wakala pamoja, mimi na wewe, baada ya kazi. Yule kijana aliyekupa kofia atakigonga mbele yetu."

"Mara tatu," mzee alisema.

"Mpaka achoke."