Kadi Mbili za Mwanamke Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilimdanganya mama. Nilimwambia nimeajiriwa kuhesabu watoto waliochanjwa ndui. Sisi ni watu wa asili ya Ngazija, nyumba yetu ilikuwa Tsaramandroso, Mahajanga, na baba alisomesha watoto Kurani. Ningeanzaje kusema kwamba binti yao atakaa ofisini kutwa akihesabu kaswende na kisonono? Nchi yetu ya Wamalagasi ilikuwa imepata uhuru juzijuzi tu, wasichana waliojua hesabu na Kifaransa tulikuwa wachache, nami sikuwa tayari kuiacha kazi hiyo kwa ajili ya aibu.

Daktari Mkuu wa idara yetu ya magonjwa ya zinaa, Mfaransa aliyebaki baada ya uhuru, alinikabidhi masanduku mawili ya kadi: moja la zahanati ya bandari hapo Mahajanga, jingine la zahanati ya Andilana, kisiwani Nosy Be.

"Madamazeli," alisema, "hapa hatuhesabu dhambi. Tunahesabu damu."

Niwaeleze vijana tulivyofanya kazi kabla ya mashine zenu. Kila aliyepimwa damu alifunguliwa kadi. Damu ikionyesha kaswende, kadi ilitiwa alama nyekundu. Mwisho wa mwaka nilihesabu kadi zenye alama na kuzigawa kwa kadi zote, nikapata kiwango cha maambukizi. Bila kiwango huwezi kulinganisha mahali na mahali, kwa maana wagonjwa kumi katika kijiji kidogo si sawa na wagonjwa kumi katika mji mzima. Mimi nilijiona bingwa wa jambo hilo.

Jedwali langu la kwanza lilionyesha Andilana imeipita Mahajanga mbali sana. Nilihesabu mara tatu, nikapata jibu lile lile, nikalipeleka kwa Daktari Mkuu kifua mbele. Alilisoma akiwa amesimama.

"Mkunga wa kule amelala," akasema. "Nitamwondoa. Na askari watawakusanya wanawake wa kijiji wapimwe, watake wasitake."

Barua ilipigwa chapa siku hiyo hiyo. Kabla ya kutia saini alinituma Nosy Be nikachukue kadi zilizobaki, ili jedwali likamilike.

Mkunga wa Andilana aliitwa Soazara, Msakalava mnene mwenye sauti ya kuamrisha. "Mbola tsara," alinisalimu, akanipa kiti, akaendelea na kazi. Sikuthubutu kumwambia barua inasema nini. Asubuhi hiyo aliingia mama mmoja kijana, mtoto mgongoni. Mkunga akamtania kwa Kimalagasi: "Zamani ulipokuwa Soa ulinikimbia kwa kuogopa sindano. Leo wewe ni Mama Jao, utakimbia na mtoto?"

Yule mama alicheka. Mimi sikucheka. Nilifungua sanduku la Andilana nililokuja nalo, nikakuta kadi ya Soa ina alama nyekundu, na kadi ya Mama Jao ina alama nyekundu.

"Huyu ni mtu mmoja?" niliuliza alipoondoka.

"Mmoja, mwanangu. Alipimwa akiwa na mimba, nikamchoma sindano zote za penisilini. Amepona. Baada ya kuzaa nikamwita nimpime tena."

"Mbona damu bado inaonyesha?"

"Ugonjwa huondoka, damu hukumbuka miaka mingi. Hukufundishwa?"

"Na kwa nini kadi mpya?"

Alinitazama kana kwamba nimetoka mwezini. "Kumwita mzazi jina la usichana ni kumvunjia heshima. Wewe ungeandika nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Waliokuwa wazima hawakuitwa kupimwa tena. Walioitwa ni wale waliotibiwa, na hao ndio niliowahesabu mara mbili. Bandarini kwetu kadi iliandikwa kwa jina la kitambulisho, basi kosa hilo halikuwako. Na si kwamba desturi ilikuwa ngeni kwangu: mtaani kwetu hakuna aliyejua mama yangu aliitwa nani kabla ya kumzaa kaka yangu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nilimweleza mkunga habari yote ya barua. Alivuta sanduku. Siku tatu tulikaa tukioanisha kadi, na tulipomaliza Andilana haikuwa mbali na Mahajanga.

Niliporudi na jedwali jipya, Daktari Mkuu hakufurahi.

"Unajua uko kwenye majaribio bado?"

"Najua, Daktari. Jedwali la kwanza ni langu, na si kweli. Ukitia saini barua ile, andika chini kwamba mwenye hesabu amekataa."

Aliichana barua, akanipa onyo la maandishi kwa uzembe. Nililistahili.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Mwaka uliofuata sanduku la Andilana lilikuja jepesi, alama nyekundu za kuhesabika. "Tumeishinda," Daktari Mkuu alisema, akitaka kuandika habari njema. Nikamwomba ruhusa ya kwenda kuona kwanza. Kumbe habari ya askari ilikuwa imefika kijijini kabla barua haijachanwa. Wanawake walikuwa wameacha kuja zahanati, na wengine walijifungua watoto wagonjwa ambao sindano chache zingewaokoa. Nililia mbele ya Soazara, naye akaniacha nilie.

Kisha tukaanza kutembea nyumba kwa nyumba. Wazee wetu wamesema mficha uchi hazai, lakini nani atajifunua akiwa anaogopa askari? Kwenye kila mlango nilisema: kosa la hesabu lilikuwa langu, na hakuna askari atakayekuja. Wengine walinifukuza. Nilirudi kesho yake.

Baadaye nilihamishiwa Boanamary, nikarudishwa Mahajanga, nikastaafu nikiwa mkuu wa takwimu. Mama alikuja kujua kazi yangu halisi, akasema tu kwamba alijua siku nyingi.

Makarani vijana huniuliza ni mwaka gani nilifurahi kuliko yote, wakitarajia niutaje mwaka ugonjwa uliposhuka. Nawaambia ni ule mwaka baada ya kutembea milangoni, sanduku la Andilana lilipokuja zito, limejaa alama nyekundu za wanawake waliorudi kupimwa, na nikaketi kuzihesabu moja moja nikimshukuru Mungu.