Nafasi Iliyo Kando ya Baba

Mama yangu ana wivu na mtu aliyekufa. Nasema wazi, maana hata yeye haufichi. Baba tulimzika kule Kivu ya Kusini, kando ya ukuta wa kanisa letu la zamani, lile la matofali walilojenga wamisionari, na pembeni yake paliachwa nafasi ya mama. Kisha vita vikatuleta Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Mwaka jana akaja mgeni kutoka nyumbani na habari moja: mjane mmoja wa kwaya, ambaye mama anaapa kwamba alikuwa akimwimbia baba badala ya kumwimbia Mungu, amefariki, na amezikwa palepale ukutani. Kando ya nani? Mgeni hakujua. Tangu siku ile mama hakuwa na raha. Chakula anakisukuma, rozari anaikatiza katikati.

"Kama balimulaza mu fasi yangu," aliniambia, "kule mbinguni tutapigana."

Basi nikagundua kwamba kanisa lile limewekwa kwenye intaneti. Unalitembelea picha kwa picha. Ukibonyeza mshale, unasogea mbele. Lakini simu yangu ina kioo kilichopasuka, na mtandao wa mtaa wetu wa Kashojwa kambini ndio huo tunaoujua. Nikamchukua mama kwake mtaa wa Rubondo, tukaenda mjini Mbarara, kwenye duka la kompyuta lililojaa wanafunzi.

Kumbe mama hakwenda kuangalia kompyuta. Alikwenda kanisani. Alivaa kitenge cha Pasaka. Mlango wa kanisa ulipotokea kwenye kioo, akatoa mkobani kichupa cha maji ya baraka, akachovya kidole, akafanya ishara ya msalaba, na mengine akairushia kompyuta.

"Nyabo, mama yangu, hapana mwaga maji kwa kompyuta," mwenye duka akasema, kwa upole, lakini ameshasimama.

"Ni ya baraka," mama akamjibu.

"Hata hiyo inaharibu."

Tukaingia. Mlango wa pembeni, unaotokea makaburini, uko nyuma ya altare, na mshale ulipita juu ya altare yenyewe. Hapo mama akanishika mkono. Kwetu, mwanamke alipanda pale siku ya kufagia tu, tena miguu mitupu.

"Vua viatu."

"Mama, tuko Mbarara."

"Weye njo unatembea. Miye ninakufuata tu. Vua."

Nikavua. Mtu mzima mwenye watoto, nimekaa miguu mitupu mbele ya wanafunzi wa watu, nabonyeza mshale polepole kwa heshima. Mama naye viatu vyake kavipakata. Msichana wa kompyuta ya jirani aliangalia miguu yangu, kisha akaangalia kwingine.

Mlango wa pembeni ulikuwa wazi, na nje misalaba ile pale, imepakwa chokaa. Mama akahesabu kwa kidole kuanzia dirishani, akagusa kioo. Baba huyo. Na kando yake majani tu, hakuna msalaba, hakuna udongo uliofukuliwa. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nililia kweli, maana sikuwa nimeuona hata msalaba wa baba tangu tulipokimbia.

"Fasi yangu iko," akasema. "Sasa turudi. Tutokee ku mulango mukubwa, kama bantu."

Nikageuza picha. Kutoka altareni tuliyaona sasa mabenchi kwa mbele, na upande wa wanawake, nyuma ya nguzo, ameketi mtu mmoja peke yake. Wenye picha waliufifisha uso wake usitambulike, lakini kitambaa cha kichwani ni cha kwaya yetu, na mkono uko shavuni. Mama akainama karibu na kioo. Nilijua kabla hajasema.

"Ni yeye."

Yaani picha zilipigwa mjane akingali hai. Ile nafasi tupu haikutuambia chochote. Mama alimtazama yule mwanamke, akavaa viatu vyake, kisha akaninong'oneza:

"Zima mbio, kabla hajasimama kwenda mu fasi yangu."